Hawakusafirishwa

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia fulani "amelala Segerea", hamuwazii marehemu. Anawaza mahabusu: mtu amekosa dhamana, nduguze wanahangaika na barua ya mtendaji wa mtaa wakitafuta wadhamini. Gereza limelimeza jina la mtaa. Seminari kuu ya Wakatoliki iliyopo hapohapo, ambamo wamesoma mapadre wa majimbo mengi ya nchi hii, haikufua dafu mbele ya gereza. Wala jimbo la uchaguzi lililopewa jina hilo mwaka 2010.

Lakini wapo waliolala Segerea na hawana haja ya mdhamini. Mmoja wao ni Said Ngamba, mzaliwa wa Kilwa wa mwaka 1955, ambaye ukimtaja kwa jina hilo utaulizwa ni nani. Mtaje kwa jina la Mzee Small, na mtu yeyote aliyefika umri wa kuwa na kumbukumbu za miaka ya 1990 atacheka kabla hujasema neno la pili. Alifariki Muhimbili, Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2014, baada ya kuugua kiharusi kwa takriban miaka miwili. Msiba ulikuwa kwake Tabata. Maziko yakafanyika makaburi ya Segerea.

Wasomaji vijana watuvumilie kidogo. Tanzania Bara ilipata runinga mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Kabla ya hapo mchekeshaji alikuwa sauti: Pwagu na Pwaguzi walichekesha nchi nzima kupitia redio, na wengi wa waliowapenda hawakuwahi kuziona sura zao. Mzee Small ni wa kizazi kilichotoka kwenye sauti kikaingia kwenye sura. Alikuwa na mwili mdogo, kanzu au shati lililomzidi, na ubishi wa mzee wa mtaani anayejua kila kitu. Kwa mwigizaji mwenzake Bi Chau alikuwa mume wa kuigiza aliyeshindwa kila ugomvi. Runinga yenyewe ilikuwa ya jirani, na watoto tuliketi sakafuni. Mwenye nyumba akikasirika, anazima.

Sasa, mtu wa Kilwa kazikwaje Segerea?

Swali halina kosa. Katika jiji hili, taarifa ya kifo ikifika, swali la kwanza ni ugonjwa, na la pili, mara nyingine linalotangulia la kwanza, ni hili: "Wanazika hapahapa au wanasafirisha?" Jibu linaamua mengi: michango itakuwa kiasi gani, nani ataomba ruhusa kazini kwa siku mbili na nani kwa wiki, basi litakodiwa au la. Linaamua pia jambo lisilosemwa, yaani marehemu alikuwa mtu wa wapi. Wapo waliokaa Dar miaka hamsini, wakajenga, wakazaa, wakastaafu, na siku ya mwisho wakarudishwa Machame, Bukoba au Njombe ndani ya sanduku, kwa kuwa Dar kwao ilikuwa kazini tu.

Ndiyo maana orodha ya watu maarufu waliozikwa Dar inanivutia kuliko orodha ya waliozikwa kwao. Waliozikwa kwao tunawajua na njia tunazijua. Ruge Mutahaba, aliyejenga nusu ya muziki tunaousikiliza leo, alifariki Afrika Kusini mwezi Februari 2019, akapita Dar kuagwa, akaenda Bukoba. Mfanyabiashara Reginald Mengi alifariki Dubai mwezi Mei mwaka huohuo, naye akapita Dar, akaenda Machame. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali Mombasa mwezi Januari 1979 alirudishwa Mzenga, Kisarawe. Na King Majuto, mwenzake Mzee Small kwa fani na kwa umri, alifia Muhimbili ileile mwezi Agosti 2018, lakini yeye alipelekwa Tanga.

Kwa watu wa Kusini sababu moja ilikuwa barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na kikiharibika unalala ng'ambo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kutesa magari miaka mingi baada ya daraja. Masika yakiwa yameshika, kupeleka mwili Kilwa kulikuwa kujitafutia msiba wa pili. Sababu nyingine ni ya dini: kwa Waislamu maiti huharakishwa, na ardhi ya Mungu ni moja. Mtu akifa asubuhi Tabata, ikifika alasiri anaweza kuwa ameshasaliwa na kuzikwa. Hivyo watu wa pwani walitangulia kuifanya Dar mahali pa kuzikia, miaka mingi kabla ya watu wa bara kuafiki.

Ukitaka kuwaona waliotangulia, nenda Kisutu, katikati ya jiji. Pale ndipo alipozikwa Ally Sykes mwezi Mei 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwapo. Mzee Ally alikuwa askari wa King's African Rifles aliyepigana Burma katika vita vya pili vya dunia, na alikuwamo katika kundi lililoasisi TANU tarehe 7 Julai 1954; kadi yake ya chama ilikuwa namba mbili, baada ya ile ya Mwalimu Nyerere. Kifo kilimkuta Nairobi. Akasafirishwa, ndiyo, lakini safari yake ilikuwa ya kuja Dar. Kwao ni hapa.

Na hapo pana jambo la kusimulia. Babu yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mtu wa Dar hata kidogo. Alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari waliochukuliwa na Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuja kuwapiga watu wa pwani waliokuwa wakimpinga. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akakulia mjini, akawa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa African Association. Wajukuu wakawa waasisi wa chama kilichomwondoa Mwingereza. Kutoka kwa askari wa kukodiwa wa mkoloni hadi wenye mji: vizazi vitatu. Anayetaka kujua inachukua muda gani kuwa mtu wa Dar, hicho ni kipimo kimojawapo.

Kisutu pia amelala Marijani Rajabu, aliyefariki mwezi Machi 1995, sauti ya Safari Trippers na ya Dar International, mwenye Zuwena na Mwanameka. Yeye alikuwa mtoto wa Kariakoo, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Na pale pale alizikwa Sajuki, mwigizaji Juma Kilowoko, mwezi Januari 2013. Asili yake Songea; makazi yake Tabata. Kwa ramani Segerea ilikuwa jirani zaidi, lakini mazishi ya mtu maarufu huvutwa na jina la makaburi, na Kisutu ina jina. Segerea haikuwa nalo wakati huo.

Makaburi ya Kinondoni ni hadithi nyingine. Hayo ndiyo yaliyovunja mwiko wa bara.

Turudi nyuma hadi Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1969. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alichukua barua zake akaenda kuzisoma kwenye nyumba ya rafiki Mmarekani, ufukweni Oyster Bay, mahali alipopenda kwa utulivu. Katika barua hizo palikuwa na kifurushi cha kitabu. Kilipofunguliwa, kililipuka. Alikuwa na umri wa miaka 48, profesa aliyeacha kazi Marekani, na chama alichokiongoza kilikuwa kimezaliwa hapahapa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Hakuweza kuzikwa kwao Gaza, Msumbiji, kwa kuwa kwao kulikuwa mikononi mwa Mreno. Alizikwa Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waombolezaji.

Alikaa pale miaka kumi. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na mwaka 1979 mabaki yake yalichukuliwa kwenda Maputo, kwenye uwanja wa mashujaa wa taifa lake. Kwa hiyo Kinondoni ilimhifadhi mgeni kwa amana na kumrudisha salama. Babu wa kina Sykes alitoka Msumbiji hiyohiyo akabaki na uzao wake wote. Mondlane alitoka huko akarudi. Lakini ukiuliza vijana wa bodaboda Kinondoni kama wanajua kuwa rais wa kwanza wa FRELIMO alizikwa pale, jiandae kutazamwa.

Waliokuja baadaye walikuja kubaki. George Kahama, waziri katika baraza la kwanza la Nyerere na baadaye mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuijenga Dodoma iwe makao makuu, alikuwa mwana wa Karagwe. Wahaya na Wanyambo wana desturi nzito ya kuzikwa kwenye kibanja cha ukoo, penye migomba ya babu. Alipofariki mwezi Machi 2017 alizikwa Kinondoni. (Ile "Sir" iliyotangulia jina lake, kwa wanaodhani ilitoka kwa Malkia wa Uingereza, ilitoka kwa Papa.) Kwamba mtu aliyetumwa kuuhamisha mji mkuu kutoka Dar amezikwa Dar, sijui kama yeye mwenyewe angecheka, ila mimi nacheka kidogo.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 2018, akafariki Kingunge Ngombale-Mwiru. Huyu naye ni wa Kilwa, kama Mzee Small. Alikuwa mwanafalsafa wa ujamaa ndani ya TANU na CCM, mtu aliyejulikana kwa kuapa bila Biblia wala Msahafu, kisha mwezi Oktoba 2015, akiwa mzee kabisa, akakiacha chama alichokitumikia maisha yake yote na kusimama na mgombea urais wa upinzani, Edward Lowassa. Mkewe, Peras, alitangulia mwezi mmoja tu kabla yake, akazikwa Kinondoni. Mzee akiwa mgonjwa hospitalini alimuaga mkewe. Wiki chache baadaye akamfuata kulekule. Katika hali hiyo nani angezungumzia kusafirisha? Mtu huzikwa alipo mwenzake.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali letu zaidi ya barabara na zaidi ya dini. Familia inapopata kaburi lake la kwanza mjini, la pili halina mjadala.

Hata hivyo umaarufu wa Kinondoni kwa watu wa kawaida haukuletwa na mawaziri. Uliletwa na kijana wa Shinyanga. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, mkesha wa Pasaka, akiwa na umri wa miaka 28. Jumanne yake, tarehe 10, mwili ulipelekwa viwanja vya Leaders kuagwa. Waliokuwapo hawajasahau. Watu walijaa uwanjani, wakajaa barabarani, wakapanda miti na kuta. Walioanguka na kuzimia walibebwa juu kwa juu. Ratiba ya kumuaga ikavunjika kwa sababu haikuwezekana tena kupitisha foleni mbele ya jeneza. Makamu wa Rais, Mohamed Gharib Bilal, alikuwapo, na mke wa Rais, mama Salma Kikwete. Kutoka Leaders hadi makaburini ni mwendo mfupi, lakini siku hiyo ulikuwa mrefu.

Nimesikia wazee wakilaumu: mwigizaji kazikwa kama mkuu wa nchi. Siafiki lawama hiyo. Kanumba aliwafikia watu wa Kongo, Burundi na Rwanda kwa Kiswahili chetu, kwa filamu zilizouzwa kwenye mabanda, na hakuna wizara iliyofanya kazi hiyo. Watu waliokwenda Leaders walimjua kwa sura na kwa sauti, tofauti na viongozi wengi ambao waombolezaji wao huletwa kwa mabasi. Tangu hapo, kila ifikapo tarehe 7 Aprili, wasanii na mashabiki hukusanyika kwenye kaburi lake, na Kinondoni ikawa mahali ambapo familia ya msanii wa Dar, awe wa kabila lolote, inapafikiria kwanza. Mwezi Juni 2013 akazikwa pale Langa Kileo, mchanaji aliyewasimulia vijana waziwazi vita yake na dawa za kulevya.

Kisha ukaja mwaka 2014, na ukatuonyesha kila njia kwa mkupuo. Tarehe 17 Mei akafariki mwongozaji Adam Kuambiana; Kinondoni. Tarehe 27 Mei akafariki mwigizaji Rachel Haule, Kinondoni. Tarehe 30 Mei akafa kwa ajali ya gari mwongozaji George Tyson, Mkenya aliyekuja kuwa mmoja wa wajenzi wa filamu za Tanzania. Huyu akasafirishwa Kenya. Tarehe 7 Juni, Mzee Small. Wiki tatu, misiba minne. Magazeti ya udaku yaliandika habari za mikosi na makafara, kama ilivyo kawaida yao, na watu wakayanunua. Mzee Small akawa wa mwisho katika mfululizo huo, na pekee aliyepelekwa Segerea, mbali na kamera za Kinondoni. Nyumbani kwake kulikuwa jirani, na kuna watu ambao jirani zao ndio wanaojua kuwabeba.

Wapo waliokataa makaburi ya umma kabisa. Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, mzaliwa wa upande wa Songea na waziri mkuu wa zamani, alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Hakupelekwa Songea wala Kinondoni. Alizikwa shambani kwake Madale, nje kidogo ya jiji, tarehe 2 Januari 2010. Madale ya wakati huo ilikuwa shamba kweli. Leo viwanja na kuta vimelizunguka.

Na yupo aliyetoka mbali kuliko wote. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki. Aliimba kuhusu umaskini, kuhusu kinga ya ukimwi wakati redio ya taifa ilikuwa haithubutu, na kuhusu kifo chenyewe, katika wimbo wenye jina hilohilo. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010 akazikwa Sinza. Mtaa aliokaa uliitwa Kwa Remmy akiwa hai, unaitwa hivyo mpaka leo. Hakuna aliyeuliza kama atasafirishwa Kindu. Msafiri aliyezikwa kando ya kituo cha daladala chenye jina lake hana haja ya cheti cha uraia.

Kuna makaburi mengine ambayo si ya waliobaki wala ya waliorudi. Mwaka 1968, ilipopangwa barabara mpya upande wa Ocean Road, makaburi 660 ya askari wa vita vya kwanza vya dunia yalifukuliwa na kuhamishiwa kwenye uwanja mpya kando ya barabara ya Bagamoyo, ambayo sasa ni Ali Hassan Mwinyi. Unapita hapo kila siku: nyasi zimekatwa, mawe meupe yamepangwa mstari. Wazungu walihama kila mmoja na jiwe lake. Waafrika na Wahindi, ambao tangu mwanzo walizikwa sehemu za pembeni bila alama ya mtu mmojammoja, walizikwa tena kwa pamoja, kila kundi mbele ya ukuta wa ukumbusho. Wabeba mizigo waliokufa kwa maelfu katika vita hiyo, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo, wengi wao hawakupata hata ukuta.

Nalikumbuka hilo kila ninapoona hali ya makaburi yetu wenyewe, ambayo hakuna mkoloni wa kumsingizia. Dar ya mwaka 1967 ilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728. Kinondoni imejaa, wachimbaji wanatafuta nafasi katikati ya makaburi, na jembe likigonga saruji wanasogea. Kaburi lisilojengewa, lenye kibao cha bati au msalaba wa mbao tu, lina miaka michache ya kujulikana kabla mvua na majani havijalichukua. Lenye tailizi linadumu, mpaka wezi wa vyuma wang'oe msalaba.

Halmashauri za jiji hili zina kumbukumbu za viwanja, za leseni na za madeni ya kodi ya majengo. Mtu akitaka kujua marehemu fulani amelala mstari wa ngapi, anaelekezwa kwa mlinzi au kwa mchimbaji mzee, ambaye akifa naye anazikwa pamoja na daftari lake la kichwani. Hatudai minara. Daftari moja kwa kila makaburi, jina na tarehe na mahali, kazi ya karani mmoja, lingetosha, na waanze na Segerea kwa kuwa bado inawezekana kuwapata waliowazika.

Mondlane alikaa Kinondoni miaka kumi akachukuliwa kwenda kwao. Mzee Small alitimiza miaka kumi Segerea mwezi Juni 2024. Yupo palepale.